Kalamu ya Sheikh Al-Amin na Kalamu za Kutaka Sifa

Ndugu msomaji, umepata kukifungua kijitabu cha mawaidha, ukasoma kurasa mbili, na ulipokifunga usiweze kumwambia mwenzio kimesema nini? Vijitabu hivyo ni vingi. Maneno ya Kiarabu yasiyofasiriwa yamesongamana, na suala la mahari ulilolitafuta halijajibiwa. Ulichokipata ni hesabu ya vitabu alivyosoma mtungaji.

Sasa chukua Uwongozi wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu. Makala zake zilitoka Mombasa katika gazeti lake dogo, Sahifa, kabla ya kuanzisha al-Islah mwaka 1932. Huyu hakukimbilia Kiswahili kwa kukosa Kiarabu. Ni mwanachuoni aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937. Angetaka kututisha kwa elimu yake, angeweza. Lakini anapozungumzia kusomesha watoto wa kike, au kuiga Wazungu, analitaja jambo, anatoa sababu, anamkemea anayestahili, basi. Hata jina la kitabu limeandikwa kwa "w", kama lisikikavyo midomoni mwa watu wake.

Kiarabu chenyewe hakina kosa. Riba, talaka, eda: maneno haya hata bibi asiyepita chuoni anayajua. Kosa ni kuliweka neno mlangoni kama bawabu, msomaji aogope kuingia. Hiyo ni riya, ijapokuwa imevaa kilemba.

Watasema wepesi unaishusha elimu. Na wajaribu basi kumweleza mama muuza vitumbua kwamba mkopo alioletewa una riba, na riba yenyewe iko wapi, mpaka aione kwa macho yake. Mama huyu kesho atatia kidole gumba kwenye karatasi. Hana muda wa fasaha ya mtu. Na mtungaji hapo hana pa kujificha, maana akibabaisha atajulikana. Nadhani ndiyo sababu wengi hawaipendi njia hii.

Sheikh ni mkali, na pengine kemeo lake huwakumba na wasiohusika. Sikubaliani naye kila ukurasa. Lakini nabishana naye kwa kuwa nimemfahamu; vile vijitabu hata kuvibishia siwezi.

Makala za Sahifa zilitolewa tena mwaka 2017, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ukizipata, wasomee watu wa nyumbani moja baada ya Isha, uone nani atauliza maana ya neno.