Paa Mlangoni pa Joka: Uhakiki wa Kisa cha Sultani Darai

Katika Swahili Tales, mkusanyiko wa hadithi za Unguja uliochapishwa London mwaka 1870, Edward Steere alihifadhi kisa cha Sultani Darai. Sehemu inayohusika hapa ni safari za paa. Maskini mmoja, mpekuaji wa jaani, alimnunua mnyama huyo kwa thumuni. Paa akaokota almasi, akaifunga kwa majani, akavuka nyika hadi kwa sultani kumposea bwana wake binti. Baadaye akasafiri tena, akafika penye nyumba kubwa ya joka lenye vichwa saba, akaliua kwa upanga, na nyumba ikawa ya bwana wake.

Ni rahisi kumwita paa huyu ndugu wa yule paka mvaa viatu wa Charles Perrault (1697), aliyemhadaa mfalme na kulinyang'anya zimwi kasri lake. Mfanano upo, wala haufai kukanwa. Lakini paka anaishia katika starehe. Hadithi ya pwani inaendelea pale ile ya Ufaransa inapokoma, na uzito wake wote umo katika mwendelezo huo.

Ingawa kisa kilikusanywa Unguja, msomaji wa Mji wa Kale wa Mombasa, aliyezoea nyumba za Ndia Kuu na Kibokoni, hahitaji kufunzwa maana ya mlango. Anajua kwamba baraza ni ya kila apitaye, bali kuingizwa ndani ni heshima. Paa, msafiri asiyejulikana, anapiga hodi kwa adabu na kujiita mjukuu wa kikongwe aliyemo. Kikongwe anamsihi arudi alikotoka, asije akafa. Kwa maneno machache fanani ameonyesha ugeni, utu na hatari kwa pamoja.

Kisha mambo yanapinduka: aliyeitwaa nyumba anakuwa mgeni ndani yake. Anapougua, kikongwe anatumwa kwa bwana mara kwa mara. Bwana haendi kumtazama. Anaagiza mgonjwa apewe uji wa mtama, na mkewe anamlaumu bure. Kwenye karatasi, huku kwenda na kurudi kwa mjumbe kunachosha. Kwa msikilizaji, kila safari ya kikongwe inampima bwana upya, na kila mara anapungua. Methali humbebesha punda lawama ya kulipa fadhila kwa mateke. Hapa mnyama ndiye mfadhili, na mateke ni ya binadamu.

Paa anakufa, anatupwa kisimani. Sultani mkwe anakuja, anamlilia mnyama aliyemjua kama mjumbe mwaminifu. Hapana hakimu wala hukumu inayotamkwa. Mke anaota yuko kwao, anaamka yuko kwao. Mume anaota yuko jaani akipekua, anaamka akipekua.