Anayekaa Upande wa Kichwa

Mgonjwa akitoka salama chumba cha upasuaji, shukrani humwendea mpasuaji. Aliyemlaza na kumwamsha, ndugu hata jina lake hawalijui. Lakini mtazame akiwa kazini. Kwa mkono wa kushoto ameshika barakoa: gumba na kidole cha shahada vinaibana isivujishe hewa, vile vitatu vinanyanyua taya ili ulimi usizibe koo. Wa kulia unabinya mfuko wa hewa. Macho yanangoja kifua kipande. Sikio liko kwenye mlio wa mashine, ambao huwa mzito kadiri oksijeni ya damu inavyopungua, hivyo huisikia hatari kabla ya kugeukia skrini.

Ustadi huo wa kumpumulia mtu ndio uliomtoa daktari wa usingizi chumba cha upasuaji na kumpeleka wodini. Mwaka 1952 polio iliivamia Copenhagen, Denmark. Hospitali ya Blegdam ilijaa wagonjwa waliopooza hadi misuli ya kupumua, huku mashine za kuwasaidia zikiwa chache mno. Damu yao ilikutwa na bikaboneti nyingi, na madaktari hawakuelewa kwa nini. Alipoitwa Bjørn Ibsen, bingwa wa usingizi, alilitambua tatizo: hewa ya ukaa imejaa mwilini kwa kuwa hawapumui vya kutosha.

Tarehe 27 Agosti alikabidhiwa msichana wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho. Koo likatobolewa, mpira ukaingizwa, lakini kifua kilikaza na mtoto akawa anashindana na hewa anayosukumiwa. Hapo Ibsen alifanya jambo ambalo wengi wangeliogopa: akampa dawa ya usingizi. Mtoto akalegea, akaacha kujipumulia, naye akashika mfuko akabinya. Hali ikatulia, msichana akanusurika. Kwangu mimi uhodari wa fani nzima umo katika kitendo hicho. Kumnyima mtu pumzi yake si mchezo, labda uwe na hakika na mikono yako.

Basi wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kubinya mifuko, usiku na mchana, kwa miezi. Kabla ya hapo, zaidi ya wanane katika kila kumi wa wagonjwa hao walikuwa wakifa. Idadi ikashuka chini ya nusu. Mwishoni mwa 1953 Ibsen alifungua wodi ya wagonjwa mahututi, mojawapo ya za mwanzo kabisa za mtindo tunaoujua leo.

Leo fani hii imeingia katika kliniki za maumivu sugu na katika utafiti wa wazee wanaochanganyikiwa baada ya upasuaji. Swali la namna hasa dawa inavyouzima ufahamu bado halijajibiwa lote, ingawa etha, dawa ya usingizi, ilioneshwa hadharani Boston tangu 1846!

Hata alama anayoandikiwa mtoto mchanga, rangi, mapigo, pumzi, misuli na mwitikio, ilibuniwa na daktari wa usingizi, Virginia Apgar wa New York, na kuchapishwa 1953. Katika hospitali nyingi za wilaya Afrika Mashariki kazi ya usingizi hufanywa na muuguzi au afisa tabibu aliyeisomea. Ndiye anayemchoma ganzi ya mgongo mama anayejifungua kwa upasuaji, na mtoto akitoka bila kulia, mara nyingi ndiye huyohuyo anayeitwa kumpumulia, huku mama naye bado yuko mezani akihitaji kuangaliwa presha.