Neno "Merchant" na Mabepari wa Venisi

Mwanafunzi akutanapo na neno geni la Kiingereza, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye kamusi. Akiisha kuona neno la Kiswahili lililoandikwa mbele yake, hulinakili daftarini, na kazi huiona imekwisha. Kamusi haina kosa, kwani imemwonyesha mlango. Lakini kuijua maana ya neno ni jambo moja, na kuyajua matumizi yake ni jambo la pili. Katika insha hii, msomaji wangu, napenda tulipime neno moja tu, nalo ni "merchant". Tutalipima kwa msaada wa kitabu maarufu, Mabepari wa Venisi, ambacho ni tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mchezo wa Shakespeare uitwao The Merchant of Venice. Tafsiri hiyo ilitolewa mwaka 1969.

Kwanza tuulize, merchant ni nani? Ni mtu anunuaye na kuuza bidhaa. Lakini si kila anunuaye na kuuza huitwa hivyo. Tangu zamani Waingereza wamelitumia neno hili hasa kwa mfanyabiashara mkubwa, auzaye kwa jumla, mwenye kupeleka mali yake nchi za mbali. Ndiyo sababu merikebu za biashara, zikitofautishwa na manowari, huitwa kwa neno hilo hilo. Neno hili lina heshima ndani yake, na pia lina hatari, kwa maana mtu wa namna hiyo huweza kulala tajiri na kuamka maskini, bahari ikimgeuka.

Sasa tuutazame mchezo. Wasomaji wengi hudhani kwamba merchant anayetajwa katika jina lake ni Shylock, kwa kuwa ndiye asiyesahaulika. Sivyo. Anayetajwa ni Antonio, mwenye merikebu. Mwanzoni kabisa mwa mchezo Antonio ana huzuni, na rafiki zake wanadhani moyo wake uko baharini pamoja na shehena zake. Shylock hana merikebu. Yeye hukopesha fedha kwa riba. Tena mojawapo ya sababu za kumchukia Antonio ni kwamba Antonio hukopesha bila riba, akaharibu soko lake. Hata Portia, aingiapo mahakamani, huuliza ni yupi kati ya wawili hao aliye merchant na ni yupi aliye Myahudi. Mchezo mzima umesimama juu ya tofauti hiyo ya watu wawili na kazi mbili.

Mwalimu Nyerere alipolifasiri jina la mchezo alifanya mambo mawili. Aliugeuza umoja kuwa wingi, kisha akachagua neno "bepari". Neno hili lina historia ya kupendeza. Limetoka Bara Hindi, na katika Kigujarati maana yake ni mfanyabiashara tu, bila lawama yoyote. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, Wahindi waliokuja kufungua maduka ufukoni mwa ziwa walilijua neno hilo kuwa jina la kazi yao, tena jina jema. Katika Kiswahili cha zamani nacho lilikuwa na maana hiyo. Kwa asili, basi, bepari na merchant ni ndugu wa karibu sana.

Lakini maneno hayakai mahali pamoja. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na miaka miwili baadaye, tafsiri ilipotoka, bepari lilikuwa jina la mtu aishiye kwa jasho la wenziwe. Msomaji wa mwaka 1969 hakuisikia tena sauti ya duka la Mgujarati. Alisikia sauti ya siasa.

Je, Mwalimu alikosea? Kwa maoni yangu alipata na alipoteza. Alipata, kwa sababu wingi ule unamweka Antonio karibu na Shylock na kutulazimisha kuuliza swali ambalo jina la Kiingereza halituulizi: je, huyu mwungwana mwenye merikebu hana dhambi yoyote katika mji ambao fedha ndiyo kipimo cha kila kitu? Hilo ni swali zuri, na mchezo wenyewe unalistahili. Lakini alipoteza bahari, heshima na hatari vilivyomo ndani ya neno la asili. Na ile tofauti ya kazi mbili ikafunikwa tangu kwenye jalada.

Jambo hili lakuhusu wewe uandikaye insha ya Kiingereza. Njoo Mamboleo, penye njia panda ya kwenda Kakamega na Miwani, umtazame mama auzaye omena kwa kipimo cha kopo. Ukimwita merchant, Mwingereza atadhani unamtania. Ukimfasiria kwa neno bepari, utakuwa umemtukana. Tena usiharakishe kumwita "hawker", kwa kuwa neno hilo nalo lina kumbukumbu yake. Katika Kiingereza cha Kenya ya ukoloni, mara nyingi Mzungu mwenye kampuni aliitwa merchant, Mhindi mwenye duka dogo akaitwa "dukawallah", na Mwafrika mwenye kikapu akaitwa hawker, hata kama wote walikuwa wakinunua na kuuza. Neno "trader" litamfaa mama yetu, wala halitamkweza wala kumshusha.

Na wakati bado unaligeuza neno. Siku hizi, katika mambo ya malipo kwa simu, Kiingereza humwita merchant muuzaji yeyote mwenye namba ya kupokelea fedha, hata mwenye kibanda kidogo. Kwa hiyo mama yule yule, ambaye katika insha ni trader, katika karatasi za malipo ni merchant, na pande zote mbili ni sahihi.

Basi ukutanapo na neno geni, usiridhike na kamusi peke yake. Jiulize neno hili husemwa juu ya nani, hufuatana na maneno gani, na nani alisema, katika miaka gani. Kisha zichukue The Merchant of Venice na Mabepari wa Venisi, uziweke mezani pamoja, usome sehemu ya kwanza ya kila kimoja, na umtafute Antonio. Uamue mwenyewe kama yeye ni bepari.