Wenye Vizibao wa Kituo cha Ascot

Kila Juni makundi ya marafiki hupanda treni London Waterloo kwenda Ascot, uwanja wa mbio za farasi ulioanzishwa na Malkia Anne mwaka 1711. Wakirudi husimulia farasi na kofia. Watumishi wa kituo, wenye vizibao, hawatajwi. Asubuhi kazi yao ni nyepesi. Jioni ndiyo kazi. Maelfu hurudi kwa mpigo, wengine wamelewa, viatu mkononi, na pale chini kwenye njia ya treni kuna reli ya tatu yenye umeme wa volti 750. Kofia ikiangukia huko, mwenyewe hutaka kuirukia. Mtumishi humdaka mkono, humbembeleza, huiopoa kwa koleo refu. Kisha hurudi kuzuia foleni, akitukanwa na walioliwa kwenye kamari, kana kwamba yeye ndiye aliyewachagulia farasi.