Ngome ya Isike Si Maficho ya Watawala

Mwaka 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua kwa baruti ngomeni mwake, Tabora, akikataa kutekwa na Wajerumani. Huo ni ushujaa. Mwaka 2009 Umoja wa Afrika uliamua kutomkamata Rais Omar al-Bashir wa Sudan, aliyetakiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa maovu ya Darfur. Je, huo nao ni ushujaa?

Hoja ya upendeleo ni kweli: Marekani, Urusi na China si wanachama wa mahakama hiyo, bali zimo katika Baraza la Usalama lililoipelekea kesi. Lakini njia ya misafara, Ujiji hadi Bagamoyo kupitia Tabora, inatufundisha kwamba wanyonge waliuzwa hata na watawala wao. Isike alikabili wavamizi. Bashir alituhumiwa kwa damu ya raia wake. Ndugu makada, kupinga hati za wageni bila kumpa mnyonge haki nyumbani ni kumlinda mtawala, si uhuru.