Hongera kwa wapika kimpumu wa Ufipa

Huko Rioja, Hispania, divai nyekundu haipewi daraja la gran reserva mpaka itimize walau miaka 5, na miaka 2 kati ya hiyo iwe imelala ndani ya pipa la mwaloni. Dunia inawaheshimu watunzaji wake, na wanastahili. Heshima hiyo hiyo nawatakia akina mama wanaopika kimpumu, pombe ya ulezi, Sumbawanga na vijiji vya uwanda wa Ufipa.

Kazi inaanzia kwenye ulezi. Huloweshwa, huvundikwa mpaka uote, huanikwa, kisha husagwa. Hapa ndipo fundi anapojulikana: kimea kikiota kupita kiasi utamu unapotea, na kikiwahishwa juani pombe inapooza. Mwezi Juni na Julai baridi ya Ufipa huchelewesha uchachu, na mama huamua siku kwa kunusa na kuonja. Ujuzi huo haukuandikwa popote. Binti ameupata jikoni kwa mama yake.

Kimpumu hakinywewi kwa pupa. Maji ya moto humiminwa juu ya ulezi uliochachuka, nawe unafyonza kwa mrija. Mafundo ya kwanza ni makali, yenye uchachu unaokaa ulimini. Maji yakiongezwa ukali unalegea, na harufu ya ulezi wenyewe inajitokeza. Mimi naupenda zaidi mkupuo huo wa pili.

Ukifika Sumbawanga, waulizie akina mama hawa. Onja taratibu, uwasifu waziwazi, na bei yao uilipe bila kuwabania.