Alama 84 na Sauti Iliyopotea

Watu wengi husoma karatasi ya mwamuzi wa muziki kama risiti. Unaangalia jumla pale chini, unafurahi ama unanuna, unaikunja, basi. Mimi naisoma kama hadithi fupi. Ina msimulizi, ina yale anayoyaona na yale yanayompita, na ina msamiati wake wa kuazima. Tangu niache chuo nimekuwa nikiwaomba marafiki na walimu hapa Garissa wanionyeshe karatasi walizorudi nazo kutoka mashindano mbalimbali ya shule. Sitataja shule wala mashindano, maana ninachohakiki ni lugha ya karatasi, si watu walioshika kalamu.

Lugha yenyewe unaijua hata kama hujawahi kuimba. Mwanzo mzuri. Matamshi wazi. Dhibiti pumzi. Mavazi yanafaa. Jitahidini zaidi. Halafu namba: 79, 84, 81. Nikiuliza 84 imetoka wapi, hakuna anayeweza kunionyesha tofauti yake na 81 ndani ya maneno yale. Maneno ni yale yale. Namba ndiyo imehama.

Sasa, ukiuliza kama alama za muziki zinatolewa kwa haki, kuna maswali mawili yamebebana. La kwanza: je, waamuzi wawili wakisikia kitu kimoja watatoa alama moja? La pili: je, hicho wanachokipima ndicho mwimbaji alichokuwa anafanya? Nairobi watu hubishana sana kuhusu lile la kwanza. Sisi huku tunaumia na la pili.

Tuanze na hao wa Nairobi, maana wamejipanga. Mtoto wa Lavington anayesoma piano huenda akafanya mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1889. Mtihani wa kawaida wa vitendo una alama 150. Vipande vitatu, kila kimoja 30. Skeli 21. Kusoma noti papo hapo 21. Mazoezi ya sikio 18. Kupita ni 100, daraja la kati 120, la juu kabisa 130. Kila kipande kina alama yake ya kupita, 20, na mtahini hupanda ama hushuka kutoka hapo akifuata maelezo yaliyochapishwa ambayo hata mzazi anaweza kuyasoma. Chumbani kwa kawaida mtahini ni mmoja tu, kwa hiyo bado unategemea masikio ya mtu mmoja na siku aliyoamka nayo. Lakini angalau unajua anatafuta nini. Ukipewa 19 unajua umekosa moja, na unajua ya nini. Mimi naiheshimu hiyo. Ni karatasi yenye msimulizi anayesema waziwazi amesimama wapi.

Hata hivyo, hata kule kwenye mpangilio mzuri, binadamu ni binadamu. Mwaka 1996 watafiti wawili, Flôres na Ginsburgh, walichapisha uchunguzi wao juu ya shindano la Queen Elisabeth la Brussels, mojawapo ya mashindano makubwa kabisa ya piano na fidla duniani. Wapigaji hupangiwa siku kwa kura, yaani bahati nasibu tupu. Kama waamuzi wangekuwa wanasikia muziki peke yake, siku ya kupanda jukwaani isingekuwa na uzito wowote. Lakini ilikuwa nao: waliopangwa siku za mwanzo walielekea kushika nafasi za chini kuliko waliokuja baadaye. Hebu fikiria kikundi kilichosafiri usiku kucha kutoka Mandera, kikaambiwa kipande cha kwanza asubuhi ni chenu.

Na kuna hili la Chia-Jung Tsay, mwaka 2013, ambalo kila mwalimu wa kwaya angelibandika ukutani. Aliwapa watu rekodi za waliofika mwisho wa mashindano makubwa na kuwataka wakisie nani alishinda. Wengine walipata sauti tu, wengine video isiyo na sauti. Waliokisia vizuri zaidi ni wale waliotazama bila kusikia chochote, na waliobobea katika muziki hawakuwa tofauti. Yaani mshindi wa muziki alionekana kwa macho.

Nilipoisoma hiyo nilirudi kwenye karatasi yangu ya 84.

Ilikuwa ya kikundi cha wasichana walioimba buraanbur. Kwa asiyeijua: ni utanzu wa ushairi wa Kisomali ulio wa wanawake, unaotungwa na kuimbwa nao kwenye harusi na shughuli nyingine, huku wakipiga makofi na ngoma na mmoja akiingia katikati kucheza. Mwamuzi aliandika kwamba mavazi yanapendeza, mwendo ni wa kuvutia, na nyuso zina furaha. Kuhusu shairi, hakuna kitu. Wala neno. Rafiki yangu aliyekuwa kwenye kikundi alikuwa na rekodi kwenye simu, nikamchezea ayeeyo wangu bila kumwambia lolote. Alisikiliza huku anachambua mchele. Kufika ubeti wa tatu akainua kichwa: "Hawa wameiangusha sauti." Akaendelea na mchele wake. Kwake yeye wimbo ulikuwa umeisha.

Alichomaanisha ni hivi. Ushairi wa Kisomali unabana mtunzi kwa sauti ya mwanzo ya neno. Ukichagua B, basi kila mstari, mpaka mwisho wa shairi, lazima uwe na neno zito linaloanza na B. Kwenye gabay, utanzu wa wanaume wenye mistari mirefu, kila nusu ya mstari inadai neno lake. Irabu zote huhesabiwa kuwa ndugu, kwa hiyo shairi la A linaweza kupumzika kwenye O, lakini konsonanti haina msamaha. Juu ya hapo kuna mizani inayohesabu irabu ndefu na fupi, ambayo mshairi Gaarriye aliieleza kwa maandishi miaka ya 1970 ingawa watunzi walikuwa wakiifuata kwa sikio tangu zamani. Ndiyo maana mfululizo wa mashairi ya kujibizana wa Deelley uliitwa hivyo: wote walioingia humo walifungwa na herufi D.

Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kushangaa. Shuka na mto Tana mpaka pwani, nenda Lamu usome shairi lenye mizani saba ubavu mmoja na tisa ule mwingine, uone kama wazee watakungoja umalize. Kina kikipotea, kimepotea. Huo nao ni mtihani, na kwa maoni yangu unalingana kuliko mwingi tunaofanya shuleni, kwa sababu kila mtu barazani ana kanuni ile ile kichwani. Ayeeyo hajawahi kujaza karatasi ya alama maishani mwake, lakini mweke na jirani zake watano, vyumba sita tofauti, wote watakamata sauti iliyoanguka pale pale.

Kwa hiyo usinielewe kwamba nalia tumeonewa. Wale wasichana walipata alama nzuri kwa shairi bovu. Mwaka mwingine wengine watatunga shairi lisilo na doa, wakiwa na mavazi ya kawaida na nyuso za uchovu wa safari, na watapewa 76. Mwamuzi yule yule anaweza kulingana na wenzake kabisa, wote wakaandika 76, na bado wote wawe wamepima nguo.

Hili halikuanza jana. Tamasha la muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, wakati wa ukoloni, na mizizi yake ni kwaya ya Kiingereza: sauti nne, noti zilizoandikwa, kondakta mbele. Nyimbo za kiasili ziliingizwa baadaye, zikapewa makundi yao. Lakini sikio la kwaya halikutoka ukumbini. Tazama hata wimbo wetu wa taifa. Mwaka 1963 jopo la watu watano, akiwemo Graham Hyslop na Washington Omondi, lilichukua wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo, watu wa mto huu huu unaopita hapa Garissa, likaupangia sauti na vyombo ndipo ukawa wimbo wa dola. Naupenda hivyo ulivyo, sibishi. Ila mama wa Kipokomo anayeuimba peke yake kwa mtoto hangeambiwa na mtu kwamba umekosa besi.

Muziki wa Kisomali nao una skeli ya noti tano, na kaban, ile udi yetu, hufuata sauti ya mwimbaji badala ya kumwekea ngazi za chini. Abdullahi Qarshe, anayeitwa baba wa muziki wa Kisomali wa kisasa na ambaye, kwa taarifa yako, alizaliwa Moshi, alijenga jina lake kwa chombo hicho. Kaban haimo kwenye orodha ya vyombo vya ABRSM. Sawa, ni bodi ya Waingereza, haina deni kwetu. Lakini mashindano yetu wenyewe yana deni.

Na mitihani yetu pia. KCSE ina somo la Muziki, lenye karatasi ya vitendo. Kulifanya unahitaji mwalimu. Baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, kaunti hii ya Garissa, Januari 2020, tume ya walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Shule zikabaki zinatafuta wa hesabu na fizikia. Nani angeuliza wa muziki? Ongeza na wazazi ambao kwao ala za muziki ni jambo la dini, wasiotaka kusikia habari ya piano wala kaban, ingawa qasida na buraanbur hawana neno nazo. Sasa mtaala mpya umeleta mkondo wa Sanaa na Michezo katika sekondari ya juu, na alama za vitendo zinaanza kutolewa na mwalimu wa darasa mwenyewe. Hapo sina wasiwasi na ukarimu wa mwalimu. Nina wasiwasi na karatasi atakayopewa, maana akipewa ile ya mwanzo mzuri na mavazi yanafaa, ndiyo atakayoijaza.

Kupiga kura ya zamu ni rahisi na bila shaka inafaa, ingawa Brussels walipiga na bado siku iliwaponza. Kurekodi na kumpa mwamuzi wa pili asikilize bila picha ni bora zaidi, na simu ya kawaida inatosha. Lakini kama ningeruhusiwa jambo moja tu, ningeongeza mstari kwenye karatasi, juu ya ule wa mavazi, wenye alama ishirini: Shairi limechagua sauti gani? Imeshikiliwa hadi mwisho? Kama haikushikiliwa, ilianguka mstari wa ngapi? Mwamuzi asiyejua Kisomali hataweza kuujaza, kwa hiyo italazimu kiti cha pili kiwekwe mezani. Wa kukikalia wako tele Bula Iftin, na nauli yao ni ya bodaboda.